Aliyekosekana Kikaoni

Jumuiya nyingi nilizopata kufanya nazo kazi zilinipokea kwa swali moja: tuwasaidie nini maskini wetu? Ni swali linalotoka moyoni, na sijawahi kulidharau. Hata hivyo, baada ya miaka kadhaa ya kuwa mwezeshaji wa mikutano ya wananchi, nimezoea kuomba liahirishwe kwa wiki chache, kwa sababu likijibiwa siku hiyo hiyo hujibiwa na waliohudhuria, na wanaohudhuria kikao cha kujadili umaskini ni nadra kuwa ndio waliobanwa nao zaidi. Anayelipwa kwa kutwa hawezi kuacha kibarua ili aje akae kwenye benchi asubuhi nzima. Anayeuguza hana wa kumwachia mgonjwa. Mwenye deni huepuka mahali atakapoonana uso kwa uso na anayemdai. Na yupo asiyekuja kwa sababu aliwahi kuja, akanyoosha mkono, akapewa nafasi ya mwisho wakati watu wameshaanza kuinuka.

Kikao changu cha kwanza nilikiendesha kwa namna ambayo bado inaniuma. Viongozi wa eneo waliita watu, nikabandika karatasi kubwa ukutani, nikaomba zitajwe kaya ambazo hali zao ni ngumu. Kwa muda usiofika saa moja tulikuwa na orodha ndefu, kila jina likiandikwa mbele ya macho ya wote, nami nikaondoka nikiamini kwamba tumefanya kazi ya maana. Wiki tatu baadaye, nilipozunguka nyumba kwa nyumba, nilikuta mambo mawili. La kwanza, familia moja iliyopanga chumba nyuma ya nyumba ya mtu, baba akiwa hawezi kazi kwa sababu aliumia mgongo, haikutajwa na yeyote. Haikuwa njama wala chuki, ila hakukuwa na mtu aliyeifahamu kiasi cha kuikumbuka. La pili, mzee mmoja ambaye jina lake lilikuwa la nne kwenye orodha alikataa kupokea chochote, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mlinisoma mbele ya wakwe zangu." Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba radhi, na tangu siku ile sijaandika tena jina la mtu ukutani.

Kuwajua maskini kwa kupitia macho ya wengine ni kosa lenye historia ndefu. Charles Booth, mfanyabiashara wa Kiingereza, alianza mwaka 1886 utafiti mkubwa kuhusu maisha na kazi za watu wa London, na kuanzia 1889 akachapisha ramani ambazo kila mtaa ulipakwa rangi kulingana na hali ya wakazi wake. Kazi ile ilikuwa na thamani kubwa: ilionyesha kwamba takriban asilimia 30 ya wakazi wa jiji lile waliishi katika umaskini, na kwamba kukosa kazi ya uhakika na ujira mdogo kulichangia kuliko ulevi na uvivu, visingizio vilivyopendwa na watu wenye nafasi. Lakini habari nyingi Booth alizipata kwa maofisa waliofuatilia mahudhurio ya watoto shuleni, si kwa wenye nyumba wenyewe, na mitaa ya tabaka la chini kabisa aliipaka rangi nyeusi, akawaeleza wakazi wake kuwa ni waovu na nusu wahalifu. Aliyeishi katika mtaa mweusi hakuulizwa kama anajitambua katika maneno yale.

Mwaka 1899 mtafiti Seebohm Rowntree alifuata njia nyingine katika mji wa York, Uingereza. Habari zake zilikusanywa kwa kubisha hodi katika nyumba za wafanyakazi, jumla ya familia 11,560, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1901 yalikuwa na jambo ambalo mimi hulirudia karibu kila mahali ninapoalikwa, nalo ni kwamba umaskini una majira yake ndani ya umri wa mtu. Mtoto wa kibarua alikuwa maskini alipokuwa mdogo, kwa kuwa walaji walikuwa wengi na mtafutaji mmoja. Akapata nafuu alipoanza kujitafutia. Akarudi katika dhiki alipopata watoto wake. Akapumua walipokua na kuanza kuchangia. Kisha akazama tena uzeeni. Maana yake ni kwamba waliohesabiwa kuwa maskini siku ile walikuwa sehemu tu ya wale ambao wangeupitia umaskini maishani mwao. Ninapolieleza hili kikaoni, mazungumzo hubadilika. Mtu ambaye dakika chache nyuma alikuwa akitoa hukumu juu ya uzembe wa jirani huanza kusimulia miaka ambayo watoto wake walikuwa wadogo, na yule aliyekaa karibu naye hukumbuka alivyoishi mama yake baada ya kufiwa.

Mtafiti aliyenisaidia zaidi, hata hivyo, ni Anirudh Krishna, ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 alifuatilia historia za kaya zaidi ya 35,000 katika India, Kenya, Uganda, Peru na jimbo la North Carolina nchini Marekani. Njia yake haihitaji mitambo wala jopo la wataalamu. Jumuiya hukaa na kukubaliana kwanza juu ya ngazi ambazo kaya iliyokuwa fukara kabisa hupanda kadiri inavyopata kipato kidogo kidogo: huanza na nini, hufuata nini, na ni katika hatua gani majirani huacha kuiita maskini. Kisha kila kaya huwekwa kwenye ngazi yake ya sasa na kwenye ile iliyokuwapo takriban miaka 25 iliyopita, yaani kizazi kimoja nyuma. Hapo hujitokeza makundi manne: waliokuwa maskini na wangali maskini, waliotoka, walioingia, na ambao hawakuwahi kuwa maskini. Baada ya hapo ndipo huulizwa, kwa kila kaya, nini kilitokea.

Alichokikuta kilibadilisha namna yangu ya kufanya kazi. Katika kila eneo, wakati wengine wanatoka katika umaskini, wengine walikuwa wanaingia, hata ikawezekana hesabu ya jumla kubaki karibu ile ile huku waliomo wakiwa watu wengine kabisa. Tena sababu za kuingia hazikuwa sura ya pili ya sababu za kutoka. Walioanguka waliangushwa zaidi na maradhi na gharama za matibabu, halafu na vifo vya walezi, gharama za mazishi na sherehe, na mikopo yenye riba kubwa. Na aghalabu halikuwa pigo moja bali mapigo yaliyofuatana, ugonjwa ukileta mkopo, na mkopo ukilazimisha kuuzwa kwa shamba au chombo cha kazi. Waliopanda, kwa upande wao, walipanda hasa kwa kuongeza njia nyingine ya kipato juu ya ile waliyokuwa nayo.

Ninalikazia hili kwa sababu jumuiya nyingi, pamoja na wafadhili wao, hukimbilia miradi ya kuwainua watu huku shimo ambalo wengine wanatumbukia likiwa wazi. Nimeshuhudia kikundi kikitoa mitaji midogo kwa familia kumi na mbili, kwa nia safi na uangalizi mzuri, na kabla ya mwaka kwisha familia tano kati ya hizo zilikuwa zimeumaliza mtaji katika matibabu. Katika kikao cha tathmini lilitumika neno "nidhamu ya fedha", nami nilisikitika sana, kwa sababu wazazi wale walifanya ambacho kila mmoja wetu mle ndani angekifanya mtoto wake akizidiwa usiku. Laiti tungeuliza mapema watu wa eneo lile huanguka vipi, tungeanza na mfuko wa matibabu, na mitaji ingefuata baadaye ikiwa na ukuta wa kuilinda.

Vipimo vya kitaifa na kimataifa vina nafasi yake, ingawa si kubwa kama wengi wanavyodhani. Benki ya Dunia, tangu Juni 2025, huhesabu ufukara uliokithiri kwa kiwango cha dola 3 kwa mtu kwa siku, baada ya kurekebisha tofauti za uwezo wa fedha kununua baina ya nchi na nchi. Nacho kipimo cha umaskini wa sura nyingi, kilichoanzishwa mwaka 2010 na Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa (UNDP) pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, hutazama viashiria 10 vya afya, elimu na hali ya maisha, kuanzia lishe na miaka ya shule hadi nishati ya kupikia, maji na choo. Hiki cha pili nakipenda zaidi, kwa kuwa mtu asiyejua kusoma anaweza kukijadili akaelewa na kueleweka. Lakini takwimu za namna hii kwa kawaida hukusanywa kwa sampuli zilizopangwa kueleza hali ya nchi au mkoa. Zikishushwa hadi mtaa mmoja hazibebi tena uzito huo, na jumuiya inayozitegemea peke yake itaujua mkoa wake isimjue jirani.

Nirudi kwa yule aliyekosekana kikaoni, kwa maana naamini kazi yote inasimama au kuanguka hapo. Kati ya mwaka 2016 na 2019, shirika la ATD Fourth World na watafiti wa Oxford walifanya utafiti katika Bangladesh, Bolivia, Ufaransa, Tanzania, Uingereza na Marekani, ambamo watu wanaoishi katika umaskini walishiriki kama watafiti wenza badala ya kuwa wahojiwa. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1957 na padri Joseph Wresinski, ambaye mwenyewe alikulia katika umaskini, akaenda kuishi na familia zisizo na makazi huko Noisy-le-Grand, nje ya Paris. Utaratibu waliofuata ulikuwa huu: wenye uzoefu wa umaskini, watendaji wanaowahudumia, na wasomi, kila kundi lilikaa peke yake kwanza, likafikiri na kuweka mawazo yake sawa, ndipo makundi yakakutanishwa na kubishana.

Wakatoka na sura tisa za umaskini. Baadhi zilikuwa zile zinazotarajiwa na kila mtu, kama kukosa kazi ya staha, kipato kisicho na uhakika na kupungukiwa na mahitaji. Lakini nyingine zisingepatikana kwenye dodoso la kawaida: kudhalilishwa na jamii, kutendewa vibaya na taasisi, na kutotambuliwa kwa mchango ambao maskini wanautoa. Na katikati ya zote waliweka kunyimwa uwezo wa kuamua mambo yako mwenyewe, maumivu ya mwili, akili na moyo, na mapambano ya kila siku ya kutokubali kushindwa. Hilo la mwisho hunigusa kila ninapolikumbuka. Nimekutana na wanawake wanaopanga matumizi ya pesa kidogo kwa hesabu ambayo mhasibu angeistaajabia, na bado katika taarifa za miradi wakaandikwa kuwa ni watu wanaohitaji kufundishwa kupanga.

Mpangilio ule wa kukaa mbalimbali kwanza ndio niliouchukua. Siku hizi, kabla ya mkutano wowote wa hadhara, nakutana na watu wachache wachache katika saa wanayoichagua wao na mahali wanapojisikia huru, mara nyingine jioni sana, mara nyingine pale pale wanapofanyia kazi. Tunamtafuta mtu wa kukaa na watoto. Anayepoteza kibarua analipwa thamani ya kutwa yake. Wapo wanaosema kwamba kumlipa mtu ili ahudhurie ni kuua moyo wa kujitolea. Lakini mwezeshaji analipwa, na ofisa aliyeketi meza ya mbele analipwa, wala sioni haki iliyopo katika kumtaka mwenye uwezo mdogo kuliko wote ndiye peke yake ajitolee. Swali la kwanza silianzi na neno umaskini. Nauliza: katika mwezi uliopita, siku iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa ipi, na ulifanyaje? Kutokana na jibu la swali hilo hupatikana habari za madeni, za kodi ya chumba, za kijana aliyerudishwa nyumbani na shule, za jirani aliyesaidia bila kuombwa, na aghalabu hupatikana pia majina ya kaya nyingine ambazo hakuna kiongozi angezitaja.

Kuhusu kuzipanga kaya kwa hali zao, upo utaratibu wa zamani kidogo unaofaa, wa kuandika kila kaya kwenye kadi na kuwaomba watu watatu au wanne wanaolifahamu eneo, kila mmoja kwa wakati wake na faraghani, wazigawe kadi katika mafungu wanayoyaona wenyewe na kueleza kwa nini. Wakitofautiana sana juu ya kaya fulani, hiyo ndiyo ya kutembelewa. Kadi hutumia namba, na ufunguo wa namba hizo hukaa na mtu mmoja anayeaminiwa na wote. Jambo la hatari ni pale zoezi la kuelewa linapogeuzwa kuwa zoezi la kugawa. Rwanda iliwahi kuliona hilo kwa upana wa nchi: makundi ya ubudehe, ambayo wananchi wenyewe walizipanga kaya zao humo, yalipofungamanishwa na michango ya bima ya afya na ufadhili wa wanafunzi, malalamiko ya watu kuwekwa katika kundi lisilo lao yakawa mengi, na wengi walitaka washushwe. Siwalaumu hata kidogo. Mtu akijua kwamba neno moja litaamua kama mwanawe atasoma, atalichagua neno kwa uangalifu. Ndiyo maana nazisihi kamati zisiahidi chochote katika hatua ya kujifunza, na ziseme hivyo waziwazi tangu siku ya kwanza, hata kama ukweli huo utapunguza mahudhurio.

Ukija upande wa kuchukua hatua, mfano ninaouheshimu zaidi ni ule wa BRAC, shirika la Bangladesh, lililoanza mwaka 2002 programu kwa ajili ya wale ambao hata mikopo midogo haikuwa ikiwafikia. Kaya ilipewa mali ya kuzalisha, posho ya muda ili isilazimike kuiuza mali hiyo, mafunzo, mahali pa kuweka akiba, huduma ya afya, na mtu wa kuitembelea mara kwa mara kwa muda wa takriban miaka miwili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 kutoka Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru, yakihusu kaya zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba kwa jumla nafuu iliyopatikana ilikuwapo bado mwaka mmoja baada ya programu kufungwa. Honduras haikufanikiwa hivyo, kwa sehemu kwa sababu kuku wengi waliotolewa walikufa kwa maradhi. Ninachokiona mimi ni kwamba vitu vile vilitolewa kwa pamoja. Posho ililinda mali, huduma ya afya ililinda akiba, na aliyekuja kutembelea alimpa mtu moyo wa kujaribu. Jumuiya ndogo haiwezi kuiga programu nzima, lakini inaweza kujiuliza, kabla ya kutoa kitu kimoja, ni kitu gani kingine lazima kiwepo ili hicho kisipotee.

Na kuna mambo ambayo jumuiya isibebeshwe. Ujira usiotosha, kodi za nyumba zisizodhibitiwa, ada za matibabu, na ardhi iliyochukuliwa bila fidia si mambo ya kumalizwa kwa michango ya majirani, na nimechoshwa na semina zinazowaambia watu kwamba suluhisho lote limo mikononi mwao. Mengi yamo mikononi mwao, kweli. Ila jumuiya iliyojifunza vizuri hali yake ina kitu kingine cha thamani, nacho ni ushahidi: inaweza kwenda mbele ya mamlaka ikiwa na hesabu ya kaya ngapi ziliuza mali kwa ajili ya matibabu katika miaka mitano, badala ya kwenda na kilio cha jumla. Booth mwenyewe, pamoja na kasoro nilizozitaja, alizitumia hesabu zake kudai pensheni ya wazee, na Uingereza ikatunga sheria ya pensheni hiyo mwaka 1908.

Limebaki la kurudisha habari kwa wenyewe. Ni wajibu ambao wakusanyaji wengi wa takwimu huuacha, wakichukua masimulizi ya watu na kuondoka nayo moja kwa moja. Sisi hurudi na karatasi kubwa zisizo na jina la mtu, zenye michoro badala ya maneno mengi: sababu za kuanguka upande mmoja, zilizosaidia kupanda upande wa pili, kila moja ikiwa na alama za kuonyesha ni kaya ngapi ziliitaja. Tunaanza na yale makundi madogo, ili waliosema ndio wawe wa kwanza kuona tulichokielewa na wawe na nafasi ya kutusahihisha kabla mtu mwingine hajaiona.

Katika moja ya vikao hivyo, mama mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga kwenye mkutano wa hadhara aliziangalia karatasi kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hamkuandika kusubiri." Tukamwomba afafanue. Akaeleza siku anazozimaliza kwenye foleni za ofisi ili apate karatasi moja, na kuambiwa arudi kesho, na kibarua kinachopotea kila anaporudi. Wenzake wakaanza kuhesabu siku zao za mwezi ule, kila mmoja kwa vidole vyake, na hakuna aliyekuwa na chini ya tatu. Tulikuwa tumewahoji wote, tena kwa uangalifu, na hatukuwahi kuliuliza hilo. Tukachora safu mpya pale pale na kuweka alama zao. Mkutano wa hadhara ulipofanyika ulianza na safu hiyo, na mama yule ndiye aliyeisoma, akiwa amesimama mbele ya msimamizi wa ofisi tuliyokuwa tumeiandikia barua ya mwaliko.